Kaptura za Rangi Mbili

Niliona kosa langu sokoni Kibuye, Jumapili baada ya ibada, limetandazwa juu ya turubai pamoja na mitumba. Lilikuwa rundo la kaptura mpya za kaki, kaptura za shule, na mwuzaji alikuwa akiziinua moja moja huku akipaza sauti: "Mguu moja imeenda shule, ingine imebaki nyumbani! Chagua Mama, chagua Baba!" Watu walicheka. Nami nilicheka, maana utani ulikuwa mzuri, kisha nikainama nikachukua moja niitazame.

Kweli ilikuwa ya rangi mbili. Mguu wa kushoto ulikuwa kaki iliyokolea, unang'aa kidogo. Wa kulia ulikuwa umepauka kana kwamba umefuliwa mwaka mzima. Nikaigeuza ndani nje, nikatazama mshono wa katikati ya mapaja. Kila mkataji wa nguo ana mkunjo wake pale. Wangu huingia ndani kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu niliufunza mkono wangu kumwachia mtoto nafasi ya kuruka mitaro. Nilikuwa nimeukata mkunjo ule kwa zaidi ya miaka thelathini, na haukuwa wa mtu mwingine.

"Hizi umezitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kwa ule Muhindi wa yunifomu, hapo tu mjini," akasema bila kunitazama. "Shule ilizikataa. Wanasema fundi wao wa kukata amezeeka, haoni, na hakuna mtu anaweza ambia yeye. Nikuwekee ngapi, Mama?"

"Moja," nikasema.

Fundi huyo wa kukata nilikuwa mimi. Karakana yetu ilikuwa katika jengo la zamani katikati ya mji wa Kisumu, dari iko juu sana na dirisha ni moja tu, na tulikuwa wanawake saba: sita kwenye mashine za kushona, mimi mezani. Mwenye duka, huyo Muhindi wa yunifomu, alikuwa mwana wa yule aliyeniajiri. Kazi ya mkataji ni kutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, kuweka karatasi ya kipimo juu yake, kuchora kwa chaki, kisha kushusha kisu cha umeme. Mshonaji akikosea, anafumua. Mkataji akikosea, hakuna cha kufumua.

Sasa, kaki ina uso na mgongo. Uso ni laini na umekolea. Mgongo una ukwaruzo na umepauka. Ukitumia karatasi ya mguu mmoja tu, kama nilivyozoea, lazima tabaka moja litazame juu na linalofuata litazame chini, ndipo mkato mmoja ukupe mguu wa kushoto na wa kulia. Mwanga wa karakana ulikuwa hafifu, na mimi sikuwahi kuuhitaji. Niliutambua uso wa kitambaa kwa mgongo wa mkono, nikiupitisha polepole kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kitambaa cha kaptura zile nilikuwa nimekitandaza tabaka zote zikitazama upande mmoja. Nilikuwa nimekata miguu ya kushoto mitupu.

Hebu fikiria wale wanawake sita. Wameletewa mafungu ya miguu ya kushoto. Mtu yeyote angeinuka, akaja mezani, akasema hapa pana shida. Lakini katika karakana ile Mama, kama walivyoniita, hakuwa mtu wa kukosea, na neno hilo halikuwahi kusemwa mbele yangu. Kwa hiyo walikigeuza kipande cha pili, mgongo ukawa nje, wakakishona hivyo hivyo kwa heshima zote, kaptura baada ya kaptura. Katika mwanga hafifu wa karakana zilionekana kaptura kama kaptura nyingine. Zilipofika shuleni, juani, kila mtoto akawa amesimama kwa miguu ya watu wawili.

Nilitembea kutoka Kibuye hadi mtaa wetu wa Kaloleni na ile kaptura kwenye mfuko, nimekasirika hasira isiyojali kama ni Jumapili. Mama mmoja wa kanisa letu alinisalimia njiani nikampita. Nilipofika nyumbani niliitundika kwenye kiti, nikakaa mbele yake bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nilijaribu kufumba macho na kupitisha mgongo wa mkono juu ya mguu mmoja, kisha mwingine. Niliona tofauti nilipofumbua macho. Mkono wenyewe haukuniambia kitu.

Suala la kustaafu lilikuwa limeanza kunizunguka kwa muda. Jirani yangu pale Kaloleni, karani wa serikali, aliletewa barua; aliijua siku yake miaka kabla haijafika, akawa anakata miezi kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Sisi wa karakana hatuletewi barua. Mwanangu aliye Nairobi alikuwa akinipigia simu kila wiki akisema nimefanya kazi ya kutosha. Shemeji yangu alitaka nirudi kwenye boma la marehemu mume wangu upande wa Ahero, nikae kama wajane wengine wanavyokaa. Huko mvua kubwa ikinyesha maji huingia mpaka chini ya kitanda, lakini eti ndiko mtu mzima anakopumzikia. Wote niliwapa jibu moja: nitajua mwenyewe. Siku mkono utakapoacha kukata sawasawa nitaiona, na nitaondoka bila kusukumwa.

Nilikiamini kipimo hicho kuliko barua yoyote ya serikali. Niliwahi hata kumcheka yule karani, nikamwambia kwamba yeye alitolewa kazini na kalenda. Sasa nikaona kwamba kipimo changu kilikuwa kimechukuliwa nyuma ya mgongo wangu. Ningelionaje kosa lililofungwa guniani na kupelekwa sokoni?

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Niliitandaza kaptura katikati ya meza ya kukatia, nikasimama kando yake mikono kiunoni. Walioingia walisalimia, kisha wakaiona. Mmoja akageuka kama aliyesahau kitu nje.

"Kaa chini," nikamwambia, akakaa.

Mwenye duka alifika saa tatu kama kawaida yake, na chupa yake ya chai ya tangawizi mkononi. Alizaliwa Kisumu hii hii, na Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu zangu, lakini mambo mazito aliyasema kwa Kiswahili. Aliitazama kaptura, akaiweka chupa chini.

"Mama, hiyo ni kitambaa tu," akasema. "Kitambaa iko mingi."

"Umenificha, Bwana."

"Sikuficha. Nimenyamaza."

"Tangu lini?"

Alitazama washonaji, nao wakatazama mashine zao. Nikajua kwamba kaptura hazikuwa za kwanza. Baada ya kumbana alitaja kola za shule moja ya Ahero, kisha sketi, "kidogo tu, Mama, kidogo sana." Kila mara yeye aliagiza kitambaa kingine, na wao walibaki jioni kuzirudia, nami nikiwa nimekwenda nyumbani kifua mbele.

"Mlikuwa mnangoja nini?"

"Wewe ulisema utajua mwenyewe," akajibu, kwa sauti ya upole hata nikatamani kumrushia chaki. "Na baba yangu alisema, huyu mama msimsukume. Ataenda siku yake."

"Nitaijuaje siku yangu, ikiwa makosa yangu mnayajua ninyi na soko la Kibuye?"

Akasema basi tufanye vizuri, tufanye sherehe kidogo Ijumaa, keki na soda, familia yake yote ije, wanishukuru kwa miaka yote ile. Nilijua kwamba alikuwa akisema kutoka moyoni. Nilijua pia kwamba keki ile ilikuwa namna nyingine ya kunyamaza.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia siondoki kwa kosa nililoambiwa na mwuza mitumba. Nitaondoka, nikasema, na sitachelewa, lakini nitaondoka siku mtu wa karakana hii atakaponiambia usoni kwamba nimekosea, kabla kisu hakijashuka. Atakayeweza hilo, meza ni yake. Na hadi siku hiyo, hakuna kitambaa nitakachokata bila mtu kukagua tabaka zote mbele yangu.

"Na kama hakuna mtu ataweza?" akauliza.

"Nitamfundisha."

Niliyemtaka nilikuwa nimeshamchagua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekaa mashine ya kwanza, mwenye macho makali na mkono mtulivu. Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ni mimi. Mume wake ni mtoto wa kaka ya marehemu mume wangu. Kwa desturi ya kwetu huyo ni mwanangu, na yeye ni mkaza mwanangu. Mimi ndiye niliyemleta karakana. Kwetu mkaza mwana anaweza kumnunia mama mkwe hata mwaka mzima, anaweza kumpikia chakula kisicho na chumvi, lakini kumwambia mbele za watu kwamba amekosea, hilo halitoki kinywani.

Kukata alijifunza upesi. Katika wiki chache alijua kuipanga karatasi bila kupoteza kitambaa, na kisu kilimtii. Kusema ndiko kulikomshinda.

Nikaanza kumtega. Asubuhi moja nilitandaza mashati, nikalaza tabaka moja kinyume makusudi, kisha nikamwita akague. Alipitisha macho pembeni mwa tabaka, na pale penye kosa macho yakasimama. Niliyaona yakisimama. Akakohoa.

"Iko sawa?" nikauliza.

Akakohoa tena. "Mama, chai yako si itapoa?"

Nikaenda kwenye chai yangu, nikageuka ghafla. Alikuwa ameshalivuta lile tabaka, analigeuza mbio mbio kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua.

"Umefanya nini hapo?"

"Hakuna kitu, Mama. Naweka tu vizuri."

Mara nyingine alidondosha chaki juu ya kosa lenyewe. Mara nyingine aliniuliza habari za shemeji. Siku moja alijikwaa kwenye meza kwa nguvu hata tabaka zote zikasambaa, tukaanza upya, na nilipomtazama alikuwa akisugua goti na kuona haya. Wenzake walijua mchezo wote. Mwenye duka naye, kila alipoingia, aliuliza, "Leo amekohoa mara ngapi?"

Mimi sikucheka sana. Siku ile ya goti nilimtoa nje, tukasimama ukutani penye kivuli.

"Kwa nini huwezi kusema neno moja?"

"Mama, wewe unajua."

"Sema."

"Wewe ni mama ya bwana yangu. Nikuambie umekosea, na watu wako hapo wanasikia? Nyumbani watasema nini?"

"Basi niambie tukiwa wawili tu, kama sasa."

"Hiyo ni mbaya zaidi, yawa. Hapo itakuwa kama nakugombeza."

Nilikaribia kumfokea, nikaona machozi yamemlenga. Nikamwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia hata mwanangu, kwamba naogopa. Kuondoka sikukuogopa. Niliogopa kwamba huenda nimeshaondoka zamani, na kwamba huyu wanayemwamkia kila asubuhi, wanayemwachia kiti na kumgeuzia vitambaa, ni mtu wanayemtunza tu. Nilimwambia kwamba heshima yake inanifanyia kitu ambacho adui asingeweza kunifanyia. Aliinamisha kichwa akasikiliza, halafu akaniuliza kama nimekwenda kupima macho.

Nilikwenda. Nikapewa miwani mipya, na karakana ikawa na pembe nilizokuwa nimezisahau. Lakini mkono hauvai miwani. Daktari aliuchomachoma kwa pini mgongoni mwake, akaniuliza kama nasikia, nikamwambia hapa ndiyo, hapa hapana. Akasema ni mishipa, na ni umri. Nilimshukuru kwa kusema.

Tangu siku ile tuliposimama ukutani, mkaza mwanangu alianza kubadilika, polepole mno kwa mtu mwenye hasira kama zangu. Kikohozi kilikwisha. Akaanza kusema, "Mama, hebu tuangalie hapa pamoja." Nilimkatalia, nilimwambia hilo ni neno la mwalimu wa chekechea. Akaja na "Hapa sina uhakika, Mama." Nikamwambia anao uhakika, aseme. Mwanangu alipiga simu, akauliza nimefikia wapi na habari ya kupumzika. Nikamwambia namngoja mtu mmoja amalize sentensi. Hakunielewa, akauliza kama nakunywa dawa za presha.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, msimu ambao karakana haipumui. Tulikuwa na oda kubwa ya sketi za shule ya wasichana, kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, na uso na mgongo wake vilikaribiana kuliko hata vya kaki. Asubuhi moja niliamka nimelala vizuri, nikafika mapema, miwani puani. Nilitandaza mwenyewe, tabaka kumi. Nilizitandaza kwa raha. Nilikuwa nimeacha kumtega kwa siku kadhaa kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, na nakumbuka nikijiambia kwamba bado nina mwaka mzima mwilini, huenda hata miwili.

Mkaza mwanangu akapita akikagua pembeni. Nikawasha kisu.

"Mama, zima," akasema. Kiganja chake kilikuwa juu ya kitambaa, vidole vyote vitano, mbele ya kisu. "Umekosea."

Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwenye duka alikuwa mlangoni na chupa yake ya chai. Nilizima kisu, nikangoja hasira ije. Haikuja.

"Wapi?"

"Tabaka ya tatu na ya saba. Zimelala vibaya."

Nikaingiza mgongo wa mkono kati ya la pili na la tatu, nikaupitisha taratibu kama nilivyofanya maisha yangu yote. Vitambaa viwili vile vilikuwa kitu kimoja. Nikainama na miwani yangu mipya, sikuona. Nikakunja ncha za tabaka nikazivuta kuelekea mwanga wa mlango, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa sahihi, la tatu na la saba, yote mawili.

Nilipoinua uso alikuwa anatabasamu, meno yote nje.

"Leo nimekushika, Mama! Umenitega mpaka umechoka!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Mwenye duka akagonga kifuniko cha chupa mlangoni. Walidhani ni mtego. Wote walidhani hivyo, na ningecheka nao tu, basi ungebaki mtego mpaka leo, nami ningebaki na ule mwaka wangu, au miwili. Kicheko nilikuwa nacho tayari mdomoni.

"Sikukutega," nikasema. "Leo nilikuwa nakata."

Vigelegele vikakatika. Akaziba mdomo kwa mkono. "Mama, nisamehe. Mimi nilifikiri ni ile ya siku zote. Singesema hivyo..."

"Usilirudishe neno lako," nikamwambia. "Geuza hizo mbili, halafu ukate."

"Mama..."

"Kata. Shule zinafunguliwa."

Akazigeuza. Akawasha kisu, akakishusha, na akakata sketi za kwanza machozi yakimtiririka mpaka kidevuni bila mstari kupinda hata mahali pamoja. Nilisimama kando yake mpaka alipomaliza fungu lile. Kisha nikaivua aproni, nikaikunja, nikaitoa tepu ya kupimia shingoni mwangu nikamvalisha yeye.

Mwenye duka alinifuata hadi kwenye ngazi. "Si umalize wiki, Mama? Siku tatu tu. Tufanye ile keki."

"Keki utaniletea Kaloleni," nikasema. "Nikimaliza wiki mtaanza tena kunyamaza."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa bado asubuhi, saa nne haijafika. Nilikuwa nimeteremka vidato vitatu niliposikia, kutoka ndani, sauti ya mkaza mwanangu ikimwambia mshonaji mmoja, tena yule mkubwa kwake kwa umri, kwamba pindo lake limepinda, afumue.